Almasi ya Mama Mkwe na Bluu ya Kufulia

Jumatatu, 4 Agosti

Tena sijamaliza kumsifu mama mkwe wangu. Wasichana niliosoma nao walinitisha sana kabla ya harusi: mama mkwe atakuhesabia vijiko, atapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Huyu wa kwangu leo asubuhi kaniita chumbani kwake, kafunga mlango, kafungua droo, katoa kikopo kidogo cha mafuta ya uso. Nikadhani anataka nimpake mgongoni. Kumbe ndani kuna pamba, na ndani ya pamba kuna almasi.

Almasi. Ya kweli. Yangu.

Ilikuwa kwenye pete aliyovishwa na baba mkwe, ambaye mimi sikumkuta. Pete ilikonda kwa kuvaliwa mpaka ikakatika, jiwe likabaki. Mama akasema nilipeleke kwa sonara wake, nichague mwenyewe pete ya kuliwekea. Malipo ameshaelewana naye, kazi yangu ni kuchagua tu. Jumapili ya tarehe kumi na saba anaalika jamaa wa mume wangu wale chakula cha mchana na kuniona vizuri, maana siku ya harusi waliona shela. Siku hiyo anataka kuliona jiwe kidoleni mwangu.

Nikalia. Naye akalia. Mume wangu (naandika tena kwa sababu napenda kuandika: mume wangu) akagonga mlango akauliza nani amefariki.

Nyumbani nikaliweka jiwe juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, nilitazame kwa raha zangu.

Lina umanjano.

Si mwingi. Kama maji yaliyotiwa majani ya chai halafu mtu akabadili mawazo. Lakini upo. Mama, maskini, bila shaka hajui. Macho yake si ya kutegemea. Juzi aliliamkia koti lililotundikwa mlangoni, akalaumu kwamba haliitikii. Jumapili hiyo jamaa wote watalikodolea macho jiwe hili, na wifi atakuwepo. Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ana pete ya dhahabu nyeupe yenye jiwe jeupe kama barafu, limeinuliwa juu kwa vikucha vinne, na huzungumza akiwa ameuinua mkono ule muda wote kama askari wa barabarani. Watu watalinganisha. Watasema mama kampa mkwewe jiwe lililochuja. Mwanamke aliyenipa kitu chake cha thamani kuliko vyote ataaibika mezani kwake mwenyewe.

Haitatokea. Nampenda mno. Jiwe hili litakuwa jeupe.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa sonara. Duka lake ni jembamba kiasi kwamba mteja akigeuka, lazima sonara naye ajikunje. Ana masharubu aliyoyapaka kitu yakasimama, na huzungumza kana kwamba nyuma yangu kuna ukumbi umejaa watu. Akanipongeza kwa ndoa. Nikamweleza kuhusu mume wangu, kwamba ni fundi wa lifti, na jinsi tulivyojuana lifti ilipokwama nikiwa ndani peke yangu, yeye juu ya paa lake akiniambia nisiogope, dada, mimi nipo. Niliipenda sauti kabla ya kumwona mtu. Sonara alisikiliza mpaka mwisho. Mtu mwema kweli. Halafu akauliza kama sasa anaweza kuliona jiwe.

Akalishika kwa koleo, akaliegesha juu ya pete nyeupe, kisha juu ya pete ya dhahabu ya manjano. Anasema jicho hulinganisha jiwe na jirani yake. Likikaa kwenye dhahabu nyeupe, umanjano utajitangaza wenyewe. Likikaa kwenye dhahabu ya manjano, umanjano wote utasingiziwa dhahabu, jiwe litaonekana safi. Tena akashauri lizungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote, likae chini, lisimkwaruze mtu.

Nikacheka kwa adabu. Jiwe la manjano ndani ya dhahabu ya manjano ni kuficha kiini cha yai ndani ya kiini kingine. Ni kweli kwamba pale juu ya pete ya manjano lilionekana jeupe zaidi, lakini nadhani kuna wingu lilipita. Na hayo mambo ya ukingo ni ya mabibi. Nikamwambia nitafikiri.

Jioni wifi akapita kutusalimia. Akaomba kuliona jiwe. Akalishika kwa muda mrefu bila kusema neno, akalirudisha kwenye pamba polepole kama mtu anayelaza mtoto. Akasema tu, haya wifi, hongera, usije ukalipoteza.

Dharau ya wazi. Na mkono ulikuwa juu muda wote, hata alipokuwa anakunywa chai.

Alhamisi, 7 Agosti

Nashukuru kwa kila kitu leo, hata kwa nguo chafu.

Nilikuwa nafua shati jeupe la mume wangu. Kola imegeuka manjano kwa jasho na grisi. (Jasho lake linanukia vizuri. Sijali nani atasoma.) Kwenye maji ya mwisho nikatia bluu ya kufulia, nikalichovya shati, nikalianika. Lilipokauka, jeupe pee. Nikabaki nimesimama mbele ya kamba na kibanio mkononi.

Shati la manjano. Bluu. Jeupe.

Wataalamu wote wa mawe wamepita hapa duniani na hakuna aliyewahi kufua.

Nimelitia jiwe kwenye kikombe chenye maji mazito ya bluu, nimelifunika kwa kisahani. Mume wangu kaingia na kiu, kataka kunywa, nikampokonya. Akauliza ni dawa ya nini. Nikasema ni ya wanawake. Akaomba radhi, akatoka kwa haraka ambayo sijawahi kuiona. Namshukuru kwa kuwa mume asiyedadisi.

Ijumaa, 8 Agosti

Limekubali!

Nililitoa, nikaliacha likauke juu ya kitambaa. Ukilitazama kwa juu ni jeupe. Labda lina kijivu kidogo, kama anga kabla ya mvua, lakini manjano hakuna. Kwa chini lina utando wa bluu, ila nani hutazama pete kwa chini? Nikakimbia kwa sonara na kanga begani na kiatu kimoja hakijafungwa vizuri.

Sikujua kwamba sonara huosha kila jiwe kabla ya kulipima. Ana kimashine kinachovuma kama mzinga wa nyuki. Kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshalitumbukiza. Wingu la bluu likapanda ndani ya maji. Sote wawili tukalitazama.

Akauliza hiyo ni nini. Nikasema vumbi. Akauliza kama nyumbani kwetu kuna vumbi la bluu. Nikasema lipo, hasa upande wa dirishani. Akavuta sharubu moja, akalifikiria dirisha langu, akaacha.

Jiwe likatoka na umanjano wake wote, tena naona kama umeongezeka kwa hasira. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikaagiza pete ya dhahabu nyeupe, vikucha vinne, virefu kuliko vya wifi. Sonara akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza tena kwa sauti ya kule ukumbini. Nikasema kabisa. Akasema basi, mteja ni mteja, na masharubu yakalala.

Hajui kwamba bluu inaweza kupakwa pia baada ya pete kukamilika, kwa chini, pale ambapo mashine yake haifiki. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumamosi, 16 Agosti

Pete imefika. Ni nzuri mpaka nahisi kizunguzungu. Pia ni ya manjano. Juu ya dhahabu ile nyeupe jiwe linang'aa kama jino la mvuta sigara. Nisamehewe, lakini ndivyo.

Si kitu. Njiti ya kiberiti, bluu iliyokorogwa nzito, mkono usiotetemeka. Nimepaka chini ya jiwe, nimeipuliza, nimeiweka karibu na birika la moto mpaka ikakauka. Sasa ni jeupe. Nimeitazama chini ya taa, kwenye kivuli, na kwa jicho moja.

Jambo dogo tu: vikucha vinashika kila kitu. Leo pekee vimekamata foronya, pazia, na nywele kadhaa za kifuani mwa mume wangu. Akasema si neno, mke wangu, ziko nyingi. Ni nani duniani aliyeolewa na mtu kama huyu?

Kesho mama atainua kichwa mbele ya jamaa zake. Nimefurahi hata kula sikuweza.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika kabla sijatulia, maana nikitulia nitaona aibu.

Tulifika sebule imejaa. Mama alikuwa amejitanda mtandio wa sufi wa rangi ya maziwa, aliofuma kwa mkono wake. Akainuka kunipokea mbele ya watu wote, akasema huyu ndiye mwanangu, mwoneni sasa. Nikamkumbatia kwa mikono miwili na kwa moyo wote. Watu wakafurahi. Tulipotaka kuachana, hatukuachana.

Vikucha vyote vinne vilikuwa vimezama katikati ya mgongo wa mtandio. Nikavuta, uzi ukafuata. Mama akageuka kuona kuna nini, mtandio ukageuka naye, na mimi nikageuka na mtandio. Tukazunguka sebuleni kama watu wanaofundishwa dansi. Mjomba mmoja akapiga makofi akidhani ni sehemu ya shughuli. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuwanasua watu waliokwama, akasema tusiogope, yeye yupo. Hakufanya kitu kingine.

Wifi ndiye aliyetukalisha. Akasema pete ivuliwe kwanza, habari ya uzi baadaye. Kidole kilikuwa kimevimba kwa kuvutana. Akaleta bakuli la maji ya sabuni. Nikasema hapana, tutumie mafuta. Nikasema labda tuache tu, mimi na mama tukae hivi hivi, kwani tuna haraka gani. Wifi akasema acha utoto wako, wifi, lete mkono.

Maji yakawa bluu. Kisha kidole changu kikawa cha bluu, kisha mkono wa wifi, na mtandio ule wa rangi ya maziwa ukapata doa lililokuwa likitambaa huku tunalitazama. Pete ikatoka. Mama akalisogeza jiwe karibu na macho yake, likiwa limeshaoshwa, akalitazama, akalitazama bakuli, akauliza nini hiki, mwanangu.

Nikasema yote. Kikombe, bluu, njiti ya kiberiti. Sikuwa na pumzi ya kutunga uongo mwingine.

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akaiweka pete juu ya goti langu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima, akasema kwa sauti ndogo sana: kumbe hulipendi.

Sijawahi kuumia vile. Nikasahau watu wote waliokuwepo. Nikamwambia nalipenda, mama, nalipenda mpaka silali, ila niliogopa watu watasema umenipa jiwe la manjano, nikataka kukufichia aibu. Akauliza, aibu gani? Yeye anajua lina umanjano tangu siku ya kwanza, na ndiyo sababu lilichaguliwa. Siku hiyo baba mkwe alipangiwa mawe kadhaa juu ya kitambaa, yote meupe isipokuwa hili, akasema yale meupe yanaonekana kama yametoka kuugua, hili angalau limekula.

Mjomba akacheka kwanza, kisha sebule nzima. Mama hakuwa anacheka bado. Alikuwa ananitazama.

Ndipo wifi aliposema jambo ambalo sikulitegemea, huku anajifuta bluu kwenye vidole. Kwamba jiwe hili alilitamani yeye tangu akiwa msichana. Kwamba aliliomba, na mama akamkatalia, akamwambia: wewe baba yako unamjua, unaukumbuka mpaka mwendo wake. Atakayekuja kuolewa na mdogo wako hatakuwa na chochote cha kumjulia. Hili ni lake.

Nikamwangukia mama shingoni. Safari hii bila pete. Akaninyamazisha kama mtoto, haya, haya mwanangu, yamekwisha, utanimwagia na bakuli. Na akacheka, mwishowe, nami nikasikia moyo wangu unarudi mahali pake.

Baadaye jikoni, tukiosha vyombo, nikamwomba wifi radhi. Nikamweleza nilidhani alilidharau jiwe, na kwamba ule mkono wake wa juu ulininyima usingizi. Akashangaa. Akasema pete yake inampwaya tangu alipougua na kukonda. Akishusha mkono inadondoka. Mara moja iliingia kwenye sufuria la mchuzi wa watu.

Nina wifi. Nina mama. Nina baba mkwe hata, kwa namna yake. Sina cha kusema ila asante.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekwenda tena kwa sonara, na wifi akanisindikiza, mkono juu. Njia nzima nilikuwa nafikiria maneno ya kuombea radhi. Sikuyahitaji. Sonara alipotuona akafungua droo, akatoa pete ya dhahabu ya manjano, yenye ukingo wa kuzunguka, kipimo cha kidole changu. Alikuwa ameitengeneza siku ile ile nilipoagiza ile nyingine. Alisema alijipa wiki mbili za kunisubiri na nimewahi. Wifi akacheka mpaka akalazimika kuishika pete yake kwa mkono wa pili. Sonara akakubali kuichukua ile nyeupe, akalihamisha jiwe tukiwa tumekaa pale pale, na akaipunguza ya wifi pia.

Sijui niandikeje. Jiwe limetulia. Limezungukwa, liko chini, halishiki kitu. Ukilitazama haraka ni jeupe. Ukilitazama polepole lina ule mwanga wake kwa ndani, kama chumba ambacho mtu amekuacha na taa inawaka kwa sababu anajua unarudi.

Tukampitia mama. Akanishika mkono, akapitisha kidole gumba juu ya jiwe mara nyingi. Alikuwa amejitanda mtandio wake, doa la bluu likiwa mbele, na nilipotaka kuuchukua nikaufue akaukumbatia akasema ole wako.

Wifi alipokuwa ananiaga mlangoni kwangu akavua hereni zake za lulu, akaniwekea kiganjani. Akasema ananiazima: tukienda kupiga picha yetu ya ndoa, mimi na mume wangu, nizivae, zitapendeza na pete. Lulu zake mwenyewe. Mimi, niliyemsema wiki nzima. Nimebusu mashavu yake yote mawili mpaka akasema basi, wifi, watu wanapita.

Jumamosi, 23 Agosti

Picha imepigwa. Mume wangu alifumba macho katika zote, lakini anaonekana mwenye furaha, kama mtu anayeota. Mpiga picha akataka turudie. Nikasema hapana, huyo ndiye niliyeolewa naye.

Leo nimekaa na kutafakari mambo yote yaliyonipata mwezi huu, na kwa kweli nimejifunza. Nimejifunza kwamba kitu ulichopewa kwa upendo hukipokei kwa kukirekebisha. Nimejifunza kumsikiliza mwenye kazi yake. Na kwamba almasi haipakwi bluu, kamwe, hata kidogo.

Baada ya hapo nikazifuta hereni za wifi ili nizirudishe, na katika kuzifuta nikaziweka juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha.

Si kwa ubaya. Zina rangi ya krimu. Kwa mtu mwema kama yule ningependa zirudi nyeupe kabisa, ajue kwamba wema wake sijauchukulia kirahisi. Na bluu sitatumia, hilo nimeshasema. Lulu si almasi, inahitaji kitu cha taratibu, cha jikoni, kisicho na rangi. Nimechukua siki, ile kali ninayong'arishia masufuria, nimezitumbukiza kwenye kikombe, nimezifunika kwa kisahani.

Mume wangu kaja na kiu. Safari hii akatazama kikombe, akanitazama mimi, akauliza kama wifi anajua. Nikamwambia ni zawadi ya kushtukiza. Akasema mke wangu, labda tumuulize sonara. Nikambusu. Ana wasiwasi mzuri sana usoni.

Inafanya kazi kuliko nilivyotarajia. Kila lulu imezungukwa na viputo vidogo vidogo, uchafu wa miaka yote unatoka. Nimezichungulia sasa hivi: zimekuwa nyeupe kama chaki. Zimekuwa ndogo kidogo pia, ambayo inaonyesha uchafu ulikuwa mwingi kiasi gani. Nitaziacha mpaka viputo viishe vyenyewe.

Sitamsumbua wifi aje kuzifuata, baada ya wema wote ule. Kabla mwezi haujaisha nitakwenda kwake mwenyewe, nimwambie afumbe macho, nimwekee kiganjani.